Maneno ya Penseli

Kama leo umeambiwa una TB sugu, na umerudi nyumbani na mfuko wa dawa na barakoa inayokukata masikio, nakuandikia wewe. Sitakueleza ugonjwa huu unafanya nini ndani ya mapafu. Hayo sista wa kliniki atakueleza vizuri kuliko mimi. Nitakuambia yaliyonipata mimi. Nilimaliza dawa mwezi wa Januari na sasa napanda mlima bila kusimama. Lakini sitaki kukudanganya kwamba kila nilichopoteza kilirudi. Vingine nilikuwa nimevipoteza kabla sijaanza kukohoa, na sikujua.

Jina langu ni Risper Adhiambo. Watu huniita Mama Awino, kwa jina la binti yangu wa pekee. Kwa miaka kumi na tano nilikuwa na hoteli Osiri, huko Migori kwenye machimbo ya dhahabu: banda la mabati, meza nne, sufuria kubwa za ugali, samaki na maharagwe. Mume wangu alikuwa na mashine ya kusaga mawe nyuma ya hoteli hiyo hiyo. Vumbi lake lilikuwa jeupe kama unga. Lilikaa juu ya vikombe, juu ya nyusi zetu, ndani ya chumvi. Kwa hiyo nilipoanza kukohoa wakati wa kiangazi, kila mtu alisema ni vumbi. Mimi pia nilisema ni vumbi. Nilinunua dawa ya kikohozi dukani, nikaendelea kusonga ugali.

Mvua za masika zilipoanza, sketi yangu ilikuwa inanidondoka. Nilifunga kamba kiunoni. Usiku nililowa jasho mpaka godoro likanuka. Siku moja nilikohoa mbele ya mteja, damu ikaingia kwenye sahani yake. Hakupiga kelele. Aliisukuma sahani polepole, akasimama, akaenda. Kesho yake nilipika ugali wa watu arobaini, wakaja sita.

Hospitalini Migori nilikaa kwenye benchi la nje, chini ya paa la mabati, pamoja na wengine watatu wenye barakoa. Watu wengine walipita mbali na sisi, wengine wamefunika pua kwa leso, ingawa hapo palikuwa na upepo wa kutosha. Nilitoa makohozi kwenye kikopo, nikarudi baada ya siku chache, nikaambiwa nisubiri daktari. Mume wangu alikuwa amekaa kando yangu. Daktari alipotamka neno "sugu", nilimwona akihamia mwisho wa benchi. Sentimita chache tu. Hata sidhani alijijua.

Alipimwa, akaonekana mzima. Jioni hiyo alisimama mlangoni mwa chumba chetu.

"Mama Awino," alisema, "wachimbaji wamesikia. Hoteli imekufa."

"Itafufuka. Dawa ni miezi tisa."

"Miezi tisa ukae hapa, watu wakikuona? Enda kwa kaka yako Oyugis. Huko pia kuna hospitali."

"Baba Awino, unanirudisha kwetu nikiwa mgonjwa? Nikifia huko je?"

"Usife basi," alisema.

Kwa Wajaluo, mwanamke aliyeolewa hapelekwi kwao kuugua. Akifia huko, hata pa kumzika panakuwa na maneno. Alilijua hilo kama nilivyolijua. Asubuhi alinitafutia gari, akanifungia nguo zangu kwenye gunia lililokuwa na unga.

Kaka yangu Ouko alinipokea bila kuniangalia usoni. Mkewe, Milka, alikuwa amenitayarishia stoo iliyo nyuma ya nyumba yao, wanamoweka mahindi baada ya mavuno. Dirisha lilikuwa moja, kubwa, na hilo ndilo sista alilosema ni muhimu. Milka alichukua sahani yangu, kikombe changu na kijiko changu, akavipaka alama ya rangi nyekundu. Chakula alikiweka kwenye kigoda nje ya mlango, akagonga kwa fimbo, akaenda zake. Nilimsikia akiwaambia watoto wake, "Msipite huko nyuma. Huko kuna kifo."

Kila asubuhi nilitembea mpaka kliniki, nikameza vidonge mbele ya sista mpaka cha mwisho. Vilikuwa vingi, nikapoteza hesabu. Baadaye nilitapika njiani, nikiwa nimeshika ua wa mtu. Nilirudi stoo, nikalala. Mchana ulikuwa mrefu kuliko ugonjwa wenyewe. Hakuna mtu wa kuongea naye, simu yangu ilikuwa ya batani tu, na Biblia yangu ilikuwa imebaki Osiri, kwa sababu sikuwa mimi niliyefunga gunia.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza wa dawa nilifungua kisanduku cha bati kilichokuwa chini ya rafu. Ndani kulikuwa na sweta ya shule, madaftari ya hesabu, na kitabu cha hadithi kisicho na jalada. Kisanduku kilikuwa cha Awino.

Lazima nikuambie jambo hapa, ingawa si la ugonjwa.

Awino alipenda kusoma hadithi. Mimi sikupenda. Niliamini kwamba hadithi za kutunga ni uongo ulioandikwa, na mtoto anayejaza kichwa uongo atakosa nafasi ya ukweli. Hakuna aliyenituma kuamini hivyo, nilijituma mwenyewe. Alipokuwa kidato cha tatu, wakati wa likizo ya Agosti, nilimwacha akisimamia ugali wa wachimbaji. Niliporudi ugali ulikuwa umeungua na yeye amekaa nyuma ya magunia ya makaa, anasoma. Nilimwaga begi lake. Vitabu saba. Niliwasha jiko la kuni, nikamwambia avitie motoni mwenyewe, kimoja kimoja. Alipokataa nilimpiga. Akavitia. Wachimbaji walikuwa mezani, wanacheka. Mmoja alisema, "Mwalimu wetu leo anapikia riwaya!" Awino hakulia. Moto wa karatasi si mzuri kwa kupikia, unawaka haraka na kuzima, lakini nilipasha maharagwe juu yake. Nakumbuka nilijivunia hilo. Niliwasimulia wanawake wenzangu kanisani, nikisema nimemwokoa mwanangu.

Tangu siku hiyo likizo zake alizitumia hapa Oyugis kwa mjomba wake. Alipomaliza kidato cha nne alienda Rusinga kwa shangazi yake, akawa mwalimu wa chekechea. Kwa miaka minne alikuwa amenipigia simu mara mbili, na zote mbili zilikuwa za kuuliza cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi.

Kwa hiyo hiki kilikuwa kitabu cha nane. Hiki alikuwa amekificha.

Nilikifungua kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufungua. Mimi nilisoma mpaka darasa la nane, na Kiswahili nilikijua zaidi cha sokoni. Ukurasa wa kwanza ulinichukua asubuhi nzima. Ilikuwa hadithi ya mwanamke anayeitwa Sabina, mwenye nyumba ya kulala wageni kwenye mji wa stesheni. Alikuwa analea mtoto wa marehemu dada yake, msichana anayeitwa Neema. Sabina alikuwa mchangamfu, mwenye mzaha, na wageni walimpenda. Kulikuwa na fundi wa saa aliyekuja kulala siku tatu, akakaa mwaka mzima kwa ajili yake. Mimi pia nilimpenda Sabina. Alikuwa na ulimi kama wangu.

Pembeni mwa kurasa kulikuwa na maandishi ya penseli. Niliujua mwandiko. "Huyu fundi ni mwongo!" Mbele kidogo: "Nilisema!" Nilicheka. Nilikuwa sijasikia sauti ya binti yangu ikicheka kwa miaka mingi, na sasa ilikuwa hapo, pembeni mwa karatasi, akiwa na miaka kumi na sita.

Milka alinisikia. Fimbo iligonga dirisha badala ya mlango.

"Mama Awino! Nani yuko ndani na wewe?"

"Hakuna mtu. Ni mimi na Sabina."

"Sabina gani?"

"Mwanamke wa kitabuni. Mgeni amemkimbia asubuhi na shuka zake."

Fimbo ilishuka. Halafu akauliza, "Shuka zote?"

Nilimsimulia kupitia dirishani. Alisimama mbali, karibu na kamba ya nguo, ameziba mdomo kwa ncha ya leso. Siku iliyofuata aliweka sahani, na hakuondoka. "Haya," alisema, "alimpata?" Baada ya wiki moja alikuwa analeta kiti. Wiki ya pili alileta na maharagwe ya kupukuchua, akakaa chini ya ukingo wa paa, hatua nne kutoka dirisha langu. Nilikuwa nasoma asubuhi ili niwe na la kumwambia jioni. Mtu akiwa na la kumwambia mwenzake hafi haraka. Hilo si la daktari, ni langu, lakini lichukue.

Mwezi wa tatu wa dawa nilifika kwenye sura ya sikukuu. Nyumba ya Sabina imejaa wageni. Amechinja mbuzi, anawagawia wageni nyama, anacheka nao, anamwambia huyu ongeza, anamwambia yule usione haya. Neema, ambaye amepika tangu alfajiri, anasimama na sahani tupu. Sabina anamtazama, anawakonyeza wageni, anamwambia, "Wewe umeshakula mvuke." Wageni wote wanacheka.

Pembeni kulikuwa na neno moja la penseli: "Osiri."

Nilikirusha kitabu ukutani.

Nilitembea ndani ya stoo ile nikiongea peke yangu. Nani alimlipia shule? Nani alisimama kwenye moshi miaka kumi na tano? Nilitaka nimpigie simu nimtukane. Nilikohoa mpaka nikaketi. Na nikiwa nimeketi, nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikiwapa wachimbaji vipande vya samaki vya katikati, nikimwachia Awino kichwa, na kumwambia mbele yao kwamba msomi hula macho ili aone vizuri. Waliucheka mzaha ule kila mara. Nilikuwa nautegemea, kama chumvi.

Usidhani nilikiokota kitabu kwa toba. Nilikiokota siku mbili baadaye kwa sababu nilitaka kujua kama fundi wa saa angerudi. Hiyo ndiyo hila ya hadithi. Mhubiri akikuonyesha dhambi yako unaweza kutoka nje kwenda kupunga hewa. Hadithi inakuonyesha, halafu inakuficha kitu kingine mbele kidogo, na wewe unarudi mwenyewe, kwa miguu yako. Na kila niliporudi nilimwona Sabina vizuri zaidi. Kilichonishangaza ni kwamba hakujiona mbaya hata siku moja. Akilini mwake alikuwa mwanamke anayetesekea watu. Sabina hakujua kwamba yeye ni Sabina.

Kufikia Agosti ngozi yangu ilikuwa imegeuka. Ni dawa moja inayofanya hivyo. Kwanza uso ulikuwa mwekundu-mweusi kama ini, kisha mikono, kisha hata weupe wa macho. Nyayo ziliniwaka kama nimesimama juu ya majivu ya moto. Mume wangu alikuja mara moja tu, katika mwezi huo, na kilo mbili za sukari. Alisimama nje ya ua.

"Umekuwa mweusi hivi!"

"Ni dawa. Itatoka."

"Sawa." Aliweka sukari juu ya jiwe. "Hoteli imefunguka. Nimepata mtu wa kupika."

"Mwanamke?"

"Mwanamke."

"Na kitanda changu, kimepata mtu pia?"

Aliangalia viatu vyake. Vilikuwa na vumbi jeupe. Nilimwacha asimame hapo mpaka alipochoka mwenyewe.

Mwezi wa tano wa dawa macho yalianza. Mistari ya kitabu iliogelea, kisha ikawa ukungu. Nilimwambia sista, akaniandikia haraka barua ya kwenda hospitali ya Homa Bay. Huko nilikaa kwenye foleni ya macho tangu asubuhi mpaka alasiri, miongoni mwa wazee wenye mtoto wa jicho, kila mmoja akiwa na mtu wa kumshika mkono. Mimi nilishika ukuta. Daktari alinionyesha herufi, nikaona ukuta mweupe. Akasema ni kidonge kimojawapo, wangekiondoa, na macho yanaweza kurudi au yasirudi yote. Aliniomba radhi kana kwamba ni yeye aliyekitengeneza. Nilitaka kumwambia: nimejifunza kusoma hadithi mwaka huu, na nina kurasa sitini tu zilizobaki. Niliona aibu, nikasema asante.

Niliporudi nilimweleza Milka kupitia dirishani. Alifikiri kidogo.

"Leta hapa hicho kitabu."

"Kina pumzi yangu."

"Makohozi yako si yametoka safi mara mbili? Sista amesema huambukizi tena. Leta."

Alivaa barakoa, akavuta kiti mpaka ukutani, akasoma. Alisoma kama mtu anayesoma barua ya serikali, akisimama kwenye kila nukta. Lakini alipofika pale Sabina anapoongea, alibadilisha sauti, na ilikuwa sauti yangu. Nilijua, naye alijua kwamba najua.

Siku moja alifunga kitabu kwenye kidole chake.

"Mama Awino, nikuambie kitu? Ulipokuja, niliomba Mungu akuchukue kabla ya mavuno. Ili stoo ipatikane."

Nilisogea karibu na dirisha, naye akaendelea.

"Nilikuwa nimesikia hata kwamba ukifa nikiwa nimeshika sahani yako, na mimi nitafuata."

"Sabina angesema hivyo," nilimwambia.

"Ndiyo maana nimeweza kukuambia," alisema. "Yeye amesema mabaya kuliko haya, na bado sisi tunamngoja kila jioni."

Karibu na mwisho wa kitabu Sabina anaugua. Neema ameshatoroka. Wageni wanahama mmoja mmoja, na Sabina analala peke yake kwenye chumba cha chini, anaita, hakuna anayekuja. Milka alisoma hapo polepole sana. Halafu akanyamaza katikati ya ukurasa.

"Nini?"

"Hakuna. Ni penseli tu."

"Inasema nini?"

"Si maneno ya kitabu, Mama Awino. Ni ya mtoto. Mtoto huandika chochote."

"Milka, soma."

"Imeandikwa, 'Afe tu.' Amepiga mistari chini. Mitatu."

Kuku walikuwa wanaparua uani. Mtu fulani alikuwa anapiga misumari nyumba ya jirani. Nilikuwa nimelala kwenye stoo ya mahindi, siwezi kuona mikono yangu vizuri, nyayo zinawaka, mume wangu ana mwanamke mwingine, na binti yangu alikuwa ametoa hukumu miaka sita kabla.

"Endelea," nilisema.

Baada ya ukurasa huo hakukuwa na penseli tena. Kurasa zote zilizobaki zilikuwa safi, na mbili zilikuwa bado zimeshikana pale ambapo kiwanda hakikuzikata. Milka alizipasua kwa kisu. Awino hakuwahi kufika huko.

Nilikuwa na hakika Sabina atakufa. Nilijitayarisha kwa siku tatu. Lakini hakufa. Jirani alimletea uji, homa ikashuka, akapona. Akafagia vyumba, akapata wageni wapya, akachinja mbuzi. Katika ukurasa wa mwisho kuna msichana mwingine jikoni, mtoto wa mtu, amesimama na sahani tupu.

"Imeisha?" Milka aligeuza kitabu nyuma na mbele. "Haiwezekani! Huyu mwandishi ana roho mbaya. Hakumwua, hakumsamehe! Si angalau Neema angerudi?"

Tangu Aprili kila aliyeniombea aliomba jambo moja, nipone. Mimi pia sikuwa nimeomba lingine. Mpaka jioni hiyo sikuwahi kuogopa kwamba naweza kupona, nikanyanyuka kitandani, nikarudi kuwa yule yule.

Nilimwomba Milka anibonyezee namba ya Awino.

"Nani?" Nyuma ya sauti yake kulikuwa na watoto wadogo wanaimba herufi.

"Ni mama yako."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno. Yote yalikimbia. "Nilichoma vitabu vyako."

"Najua," Awino alisema. "Nilikuwepo."

Nilimwambia kwamba nimekuwa mgonjwa. Alisema mjomba alimwambia tangu Mei. Nilimwambia nimesoma kile cha Sabina, kile alichoacha kwenye kisanduku. Watoto waliendelea kuimba. Nilisikia mlango ukifungwa, sauti zao zikawa mbali.

"Umesoma na nilichoandika?"

"Nimesomewa."

"Yote?"

"Mpaka kile cha chumba cha chini."

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," alisema. Kabla sijamwambia si kitu, akaendelea. "Lakini nilimaanisha. Nisikudanganye. Unajua ulikuwa unaimba?"

"Lini?"

"Nikitia vitabu motoni. Ulikuwa unakoroga maharagwe na unaimba wimbo wa Sabato. Wewe unakumbuka moto. Mimi nakumbuka huo wimbo. Mpaka leo kanisani wakiuanza natoka nje."

Sikuwa nakumbuka. Nilitafuta kila mahali kichwani, sikuukuta. Zamani ningemwambia anasingizia. Siku hiyo nilisema, "Kama unasema niliimba, niliimba."

Pumzi yake ilibadilika. Halafu sauti ya mwalimu ikarudi.

"Ukimaliza dawa, njoo Rusinga. Si kabla. Nina watoto wa watu hapa. Na uje na karatasi ya hospitali."

Alikata bila kusema kwaheri. Milka alichukua simu mkononi mwangu, akasema "mos", ambayo kwetu ni pole, akaingia ndani ya stoo kwa mara ya kwanza tangu nije. Alikaa kwenye kitanda changu.

Macho yalirudi kiasi, wakati wa mvua za vuli. Sasa nasoma kwa miwani, na maandishi madogo sana siyawezi. Miguu inawaka bado ikipata baridi. Ngozi imeanza kutakata kuanzia mikononi. Sikurudi Osiri. Nimepanga chumba hapa Oyugis, nauza ndizi na viazi vitamu sokoni, na Milka huja Jumapili jioni na kitabu chochote atakachopata. Kama uko kwenye miezi yako tisa, tafuta hadithi. Usitafute ya kukufundisha, tafuta ya kukupendeza. Hiyo ya kukupendeza ndiyo itakufikia, maana hutakuwa umejikinga.

Januari sista alinipa karatasi, na Februari nikaenda Rusinga. Nilivuka daraja kutoka Mbita kwa miguu, kwa sababu nilitaka kuchelewa kufika. Awino alikuwa nje ya darasa lake, anafunga kamba za viatu vya mtoto. Amenenepa, anafanana nami. Aliipokea karatasi, akaisoma mbele, akaigeuza akasoma nyuma, akaikunja akanirudishia.

Jirani yake alipita na ndoo. "Mwalimu, una mgeni! Ni nani huyu?"

"Ni mgeni wangu kutoka Oyugis," Awino alisema.

Jirani alinisalimu vizuri, nikaitikia kama mgeni.

Chumba chake ni kimoja. Ukuta mzima umejaa vitabu, kwenye rafu za mbao za masanduku ya samaki, mpaka karibu na mabati. Sikuwahi kuona vingi hivyo nyumbani kwa mtu. Aliniwekea chai, akachukua begi lake arudi darasani. Mlangoni aligeuka.

"Vitabu usiviguse."

"Sitavigusa."

Nilikaa kitandani tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, mikono mapajani. Sikuinuka hata kusoma majina migongoni mwake. Nilisikia watoto wakiimba, wakila, wakilala, wakiamka, wakienda kwao. Chai ilipoa, sikuimaliza, niliogopa kuimwaga.

Awino aliingia, akaweka begi chini, akatazama rafu kutoka mwanzo mpaka mwisho, taratibu, kama anavyohesabu watoto mstarini. Halafu akanitazama mimi. Alipanda juu ya kigoda, akachomoa kitabu kimoja chembamba, akakirusha kitandani kando yangu.

"Soma hicho," alisema. "Lakini usiniambie umekielewaje."

Alishuka, akaanza kuwasha jiko, amenipa mgongo. Nilivaa miwani yangu.

Niko ukurasa wa arobaini sasa. Sijamwambia kitu.